Makala umeandika we, ila kuitafsiri Kiswahili mpaka uombe

Kuna jamaa mmoja, mhadhiri wa mambo ya uvuvi, alikuja ofisini kwangu mwaka juzi na bahasha mkononi. Mimi ni mkutubi wa chuo, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kusoma mikataba ya majarida kabla hatujapandisha makala za walimu kwenye repozitori yetu, yaani hifadhi ya chuo ya mtandaoni. Akaniambia dada, nina kashida kadogo tu, niunganishe na watu wa kuchapa kijitabu. Alikuwa amefanya utafiti wa pweza kule Kilwa, ule mtindo wa kufunga mwamba miezi kadhaa pweza wakue ndo wafunguliwe wavuliwe, makala ikatoka kwenye jarida la ng'ambo, na kila akirudi kijijini wanamuuliza, we mwalimu ulituhesabia pweza wetu mwaka mzima, majibu yako wapi? Basi kakaa likizo nzima kaitafsiri makala yote, na grafu zake na ramani yake, anataka nakala 200.

Nikamuuliza, ulisaini nini na hao wa jarida? Akacheka, akasema sijasaini kitu, kuna mahali tu nilibonyeza.

Sasa hapo kwenye kubonyeza ndo shughuli yote ilipo. Ukishaandika kitu chako, hakimiliki ni yako pale pale, huhitaji kusajili popote, huo ndo utaratibu wa Mkataba wa Berne wa 1886 ambao nchi yetu Tanzania imo, na sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa. Ila hakimiliki si kitu kimoja, ni kama shamba lenye minazi, miembe na kisima, unaweza kumpa mtu minazi ukabaki na kisima. Kuna haki ya kunakili, ya kusambaza, ya kuweka mtandaoni, ya kutafsiri. Ile fomu unayobonyeza usiku wa manane, makala imeshakubaliwa, umefurahi na unataka tu jina lako litoke, mara nyingi inatoa shamba zima. Nyingine haisemi "kuhamisha hakimiliki", inasema leseni ya kipekee, watu wanapumua wakidhani wamepona, kumbe ukisoma chini haki zote za maana zimeenda na umebakiwa na jina la mwenye shamba.

Tukafungua fomu yake. Kutafsiri ilikuwemo. Yaani makala yake mwenyewe, utafiti wake mwenyewe, kuwarudishia watu wa Kilwa kwa lugha yao ilikuwa lazima aombe ruhusa ofisi ambayo hajawahi hata kuiona.

Akaja juu kidogo, akasema lakini dada ukurasa wa kwanza nimeandika kabisa makala imetoka wapi! Hili nalisikia kila wiki, kwa maprofesa na wanafunzi wa masters sawa sawa. Rejea ni adabu ya taaluma, inakuokoa usiitwe mwizi wa maandishi. Ruhusa ni jambo la sheria. Ukinukuu sentensi mbili tatu ukataja chanzo hakuna mtu atakusumbua, sheria yenyewe inaruhusu, ila kuchukua mchoro mzima au kutafsiri makala nzima, hata uweke rejea 10, bado hujaruhusiwa.

Habari njema ni kwamba hakuna mwenye hakimiliki ya ukweli. Kwamba pweza waliongezeka uzito baada ya mwamba kufungwa, hizo kilo na hizo tarehe, si mali ya jarida wala ya mtu yeyote. Kinacholindwa ni namna ulivyoyasema na ulivyoyachora. Kwa hiyo nikamshauri aandike upya kabisa, kama anayemsimulia mvuvi, na grafu azichore upya kutoka kwenye takwimu zake, hapo haombi mtu. (Na kusema kweli ile tafsiri yake ilikuwa ngumu kuliko Kiingereza chenyewe, nani kule ufukweni anataka kusoma sura ya mbinu za uchambuzi.) Akakubali nusu. Maandishi ataandika upya, grafu mbili na ramani anazitaka zilivyo, maana grafu alilipa kijana kuzichora.

Basi tukaomba. Watu wengi wanakosea hapa, wanamwandikia mwandishi wa makala, anajibu "chukua tu ndugu yangu", wanaona yameisha, wakati mwandishi alishatoa shamba siku nyingi. Unamwomba mwenye haki, kwa kawaida mchapishaji. Wakubwa wengi wanatumia mfumo wa RightsLink, kwenye ukurasa wa makala kuna kitufe cha kuomba ruhusa, unajaza mchoro gani, utaenda wapi, lugha gani, nakala ngapi, karatasi au mtandaoni. Kuna mahali unaulizwa kama we ndo mwandishi, usiparuke hapo, mara nyingi ukisema ndiyo bei inashuka mpaka sifuri. Jarida likiwa dogo halina mfumo, andika barua pepe, yale yale uyataje, na jibu ulitunze. Kimya sio ruhusa jamani, hata ukae miezi sita.

Unaniuliza si angechapisha kwenye jarida huria tu, lile la kusomwa bure mtandaoni? Angekuwa na leseni ya CC BY (moja ya leseni za Creative Commons, ruhusa za wazi zilizoandikwa tayari) ndiyo, angetafsiri na kuchapa bila kumpigia mtu hodi, anataja chanzo na kusema amebadilisha nini, basi. Lakini leseni za Creative Commons hazifanani. Kuna mama mmoja hapa chuoni aliona kwenye orodha CC BY-NC-ND, akaichagua akiamini ndo yenye ulinzi mkubwa. Hiyo NC maana yake isitumike kibiashara, na ND maana yake kazi isisambazwe ikiwa imebadilishwa, na tafsiri inahesabiwa ni mabadiliko. Kwa hiyo mtu wa Tabora akitaka kuitoa kwa Kiswahili inabidi aombe, na kama haki zilizobaki, kutafsiri ikiwemo, mama alishampa mchapishaji, jambo la kawaida kabisa kwenye hizo leseni, basi hata yeye mwenyewe anarudi kwenye foleni. Mi binafsi leseni hiyo kwa utafiti uliofanywa vijijini kwetu siipendi hata kidogo.

Kuhusu kupandisha PDF nitasema kwa kifupi. Ile yenye nembo ya jarida na namba za kurasa ndo wanayoilinda, ile uliyowatumia ya mwisho baada ya wapitiaji kuikagua, bado iko Word, wengi wanakuruhusu kuiweka repozitori baada ya muda fulani. Usiifute hiyo faili. Walimu wanaifuta, kisha wananiletea ya nembo.

Turudi Kilwa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, grafu mbili bure, nakala 200, kwa Kiswahili, karatasi tu, na maneno ya shukrani waliyoyaandika wao yakae chini ya kila grafu. Ramani wakakataa. Si kwa ubaya, haikuwa yao. Jamaa aliichukua kwenye ripoti ya watu wengine, wakamruhusu itumike kwenye ile makala tu, na ruhusa ya aina hiyo haiendi safari ya pili.

Akaamua ramani achore upya. Akaenda nayo kijijini, katibu wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi ufukweni, akaiangalia, akaomba kalamu, akafuta majina matatu ya miamba na kuandika yale wanayoyaita wenyewe, akaongeza mkondo ambao haukuwepo kabisa. Imetoka nzuri kuliko ya kwanza. Jamaa akanipigia kwa furaha, nikamuuliza sasa ramani ni ya nani, yako au ya katibu? Akanyamaza. Nikamwambia andikianeni hata nusu ukurasa, leo leo, kabla hujapanda boti.