Kichocheo cha methanoli: ya barazani na ya mtamboni

Lamu haina mtambo wa methanoli, alkoholi inayoweza kuendesha meli. Lakini bandari mpya ilipofungua gati lake la kwanza mwaka 2021, na Laura Maersk, meli ya makasha inayotumia methanoli, ilipoanza safari mwaka 2023, maneno juu ya kichocheo chake, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemia wa kuitengeneza, yakafika hadi barazani Mkunguni, hapa Lamu. Mengine ya kweli, mengine porojo.

"Kichocheo kikiwa bora, gesi yote itageuka methanoli."

Haiwezekani. Gesi yenyewe ni mchanganyiko wa hidrojeni na oksidi za kaboni. Nahodha hodari atakufikisha Mokowe, kule bara, mapema, lakini hawezi kuisogeza Mokowe. Mmenyuko huu hutoa joto, na kadiri mtambo unavyopata moto ndivyo kiwango cha juu cha methanoli kinachoweza kupatikana kinavyoshuka. Ndiyo sababu gesi iliyobaki huzungushwa ikarudi tena na tena. Ubora wa kichocheo ni kufanya kazi upesi bila kuhitaji moto mkali. Mwaka 1923 kule Leuna, Ujerumani, kampuni ya BASF ilitumia oksidi za zinki na kromi, kwa shinikizo la baa 250 hadi 350 na joto la nyuzi za Selsiasi 300 hadi 400. Mwaka 1966 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta shaba, zinki na alumina (oksidi ya alumini): baa 50 hadi 100 na nyuzi 200 hadi 300 zikatosha. Nguvu ya shaba ilikuwa ikijulikana zamani. Kilichokosekana ni gesi iliyosafishwa salfa, kwani salfa huiua shaba.

"Kichocheo huisha kwa kuliwa na gesi."

Hakiliwi, huzeeka. Mbali na salfa na klorini, joto huzifanya chembe ndogo za shaba zigandane ziwe kubwa, na uso unaofanya kazi hupungua. Alumina imo humo kuzitenganisha.

"Uzalishaji ukishuka, ongeza moto."

Hapa pana ukweli nusu. Waendeshaji hupandisha joto kidogo kidogo kadiri kichocheo kinavyozeeka. Anayekimbilia moto mwanzoni, kwa maoni yangu, anakula mtaji: chembe hugandana mapema.

"Kwa kaboni dioksidi na hidrojeni, kichocheo kilekile kitadumu vilevile."

Kila molekuli ya methanoli inayotokana na kaboni dioksidi huja na molekuli moja ya maji, na mvuke huharakisha kuzeeka kwa shaba. Kwa hiyo watafiti wengi hujaribu zirkonia (oksidi ya zirkoni) mahali pa alumina, kwa kuwa haivutii maji kwa kiasi hicho.