Kompyuta na Mtandao wa Ofisi Ndogo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma yake kwa Windows 10. Tangu hapo kompyuta za mtumba zenye mfumo huo zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na wenye ofisi changa wanazichangamkia: wakili wa kujitegemea, zahanati ya mtaani, chama cha akiba na mikopo.

Kununua mtumba si kosa. Kosa ni kununua bila kukagua. Iwashe kompyuta hapo hapo dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, usome toleo la TPM (kipande cha usalama ndani ya kompyuta) lililoandikwa sehemu ya chini. Lisipokuwa 2.0, au prosesa ikiwa ni ya Intel iliyo chini ya kizazi cha 8, kwa kawaida mashine hiyo haimo kwenye orodha ya zinazokubali Windows 11, mfumo uliofuata. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka jingine. Kwa kazi za kawaida, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, vinatosha. Aliyekwisha kununua anaweza kulipia masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, ambayo kwa taasisi hayazidi miaka 3, au kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Kwenye mtandao ndiko tunakokuta matatizo makubwa. Kebo nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, usiipitishe ukutani. Urefu kutoka swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kebo za kompyuta) hadi kompyuta usizidi mita 100. Ruta ifungiwe mahali ambapo mteja hafiki, kwa sababu nywila ya kiwandani imebandikwa mgongoni mwake na picha moja ya simu inatosha kuichukua. Badilisha nywila ya Wi-Fi na ile ya kuingilia kwenye mipangilio; ni vitu viwili tofauti, na wengi hubadilisha ya kwanza tu. Kwa ulinzi wa Wi-Fi, chagua aina ya WPA2 au WPA3. Wateja wapewe mtandao wa wageni, na kamera za ulinzi zitengwe na kompyuta zenye mafaili. Hakikisha pia ruta ni ya aina iliyoidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Hapa ndipo tunapoambiwa, "Sisi ni watu watatu tu, nani atatuhangaikia?" Jibu hili tumelisikia mno na halina msingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haihesabu viti vya ofisi. Ukihifadhi majina, namba za simu au majibu ya vipimo vya watu, wewe ni mkusanyaji wa taarifa. Unatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukieleza unakusanya taarifa gani, kwa madhumuni gani na unampa nani. Cheti hudumu miaka 5.

Taarifa zikivuja, itaarifu Tume bila kuchelewa. Chomoa kompyuta kwenye mtandao, andika saa, jina la mtumiaji na mafaili yaliyoguswa, kisha iache ilivyo. Usifute diski. Kufuta au kubadilisha taarifa binafsi kinyume cha sheria ni kosa linalojitegemea: faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 10, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kwa kutoa taarifa za mtu isivyo halali, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini ni shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kila shauri hupimwa kwa mazingira yake, kwa hiyo maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Fundi anayekuja kutengeneza kompyuta asainishwe mkataba unaotaja wajibu wake wa kulinda taarifa, hata kama ni ndugu yako. Asiondoke na diski. Ikilazimu kompyuta iende karakana, chomoa diski kwanza, uifungie kabatini, na uandike kwenye daftari la ofisi nani ameichukua kompyuta na tarehe ya kuirudisha.