Kifaa cha meno cha kuvua na kuvaa: kilitoka wapi, kinafanyaje kazi?

Mwanangu ana miaka 11, meno ya juu yametokeza. Daktari hakumfunga waya, kampa kifaa cha plastiki cha kuvua na kuvaa. Hii ni tiba kweli?

Ni tiba, na ina zaidi ya miaka mia moja. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa meno Norman Kingsley wa New York alitumia bamba la mpira mgumu lililokaa kwenye kaakaa, lenye mteremko nyuma ya meno ya mbele. Mgonjwa akifunga mdomo, meno ya chini hukutana na mteremko huo na taya la chini husogea mbele. Mwaka 1902 Mfaransa Pierre Robin akaeleza kifaa cha kipande kimoja kinachoshika mataya yote mawili.

Nani aligundua kwamba hata kikivaliwa usiku tu kinasaidia?

Daktari wa meno Viggo Andresen wa Denmark, na aligundua bila kutarajia. Alikuwa akimtibu binti yake mwenyewe. Mwaka 1908 binti alipokwenda likizo ya kiangazi, baba alimtoa vyuma vya mdomoni, na ili meno yasirudi yalikotoka akamtengenezea bamba la kuvaa usiku. Bamba lilishika meno ya juu, na ukingo wake ulishuka kwa ndani ya meno ya chini, kiasi kwamba binti hakuweza kuuma bila kusogeza taya la chini mbele milimita 3 hadi 4. Aliporudi, baba alimwangalia mdomoni akashangaa: meno yalikuwa yanaumana vizuri zaidi kuliko alivyoyaacha. Bamba la kushikilia tu lilikuwa limetibu. Baadaye, akiwa Oslo, alishirikiana na Karl Häupl kuueleza mfumo huo katika kitabu cha mwaka 1936, na kifaa kikaitwa aktiveta.

Kinasogezaje meno bila kuyavuta kwa waya?

Jaribu hapo ulipo. Sogeza taya la chini mbele mpaka meno ya mbele ya juu na ya chini yagusane ncha kwa ncha, utulie hivyo. Punde utasikia misuli ya mashavu, karibu na masikio, ikitaka kulirudisha. Kifaa hutumia nguvu hiyohiyo: huisukumia kwenye meno, ya juu yakarudi nyuma na ya chini yakaja mbele.

Kwa hiyo taya litarefuka?

Kidogo sana. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003, kwa watoto wa miaka 8 hadi 10, ulionyesha kwamba badiliko kubwa ni la meno yenyewe. La mfupa lilikuwa dogo. Anayekuahidi kidevu kipya anazidisha. Lakini meno yaliyotokeza huvunjika kirahisi mtoto akianguka, na kuyarudisha mapema hupunguza ajali hizo. Hilo peke yake naliona ni sababu ya kutosha.

Tena kifaa kinachotumika sana leo, Twin Block, kilizaliwa na ajali ya namna hiyo. Mwaka 1977 huko Scotland mtoto wa daktari wa meno alianguka, jino la mbele la juu likang'oka. Lilirudishwa mahali pake, ila mdomo wa chini ulikuwa ukijibana nyuma yake na kulisukuma. Daktari aliyemtibu, William Clark, akamtengenezea vipande viwili, cha juu na cha chini, vyenye miteremko inayokutana mtoto anapofunga mdomo. Kwa kuwa vimetengana, mtoto anaweza kuongea na hata kula navyo.

Avae saa ngapi kwa siku?

Inategemea kifaa. Aktiveta ilikusudiwa usiku. Twin Block kwa kawaida ni usiku na mchana, kwa hiyo mwulize daktari wake saa kamili. Siku za kwanza atatoa mate mengi na herufi "s" itamsumbua. Mpe kitabu asome kwa sauti, itapita. Akikivua akiweke kwenye kikasha, asikifunge kwenye tishu, maana tishu hutupwa. Akioshe kwa brashi na maji baridi. Maji ya moto hukipinda, na kikishapinda hakimkai tena.