Aliemdhalilisha mtoto akitoka Chuo cha Mafunzo (jela) anarudi shehia ile ile, jee huko ndani katibiwa?

Tukikaa na wazazi, Unguja na hata Pemba, kuzungumza kesi za udhalilishaji wa kijinsia wa watoto, swali la mwanzo huwa kafungwa miaka mingapi. Kifungo lazima kiwepo na mie simuombei mtu apunguziwe hata siku moja, lakini wengi wao ipo siku watatoka, na watarudi huku huku kwetu, maana anaemdhalilisha mtoto mara nyingi si mpita njia, ni mjomba, baba wa kambo, jirani, mwalimu wake. Sasa huko ndani kafanyiwa nini?

Kumfundisha useremala au kushona ni kheri ila hakugusi kilichompeleka kule. Matibabu yenyewe ni kukaa na mtaalamu wa saikolojia, peke yake au kikundi kidogo, miezi na miezi, wanarudi nyuma hatua kwa hatua, siku zile kabla ya tukio alikuwa anawaza nini, alimzoesha vipi mtoto kwa vihela na simu, alijidanganya vipi kwamba "mwenyewe alitaka". Anajifunza kuizuia hamu, kuishi na hasira na upweke, kukaa mbali na hali ya kubaki peke yake na watoto. Wachache daktari huwapa dawa za kushusha ashiki, lakini dawa tupu haitoshi, wengine tatizo lao si hamu tu, ni kupenda kumtawala mnyonge. Na mwenye hatari kubwa ndie apewe matibabu mazito zaidi.

Tena yafanywe vizuri. Uingereza walikuwa na programu kubwa ya matibabu haya magerezani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikapimwa, matokeo yakatoka 2017: waliopitia, asilimia 10 walirudia makosa ya kijinsia, wasiopitia asilimia 8, ikasimamishwa. Wapo wanaosema basi hawa hawatibiki, mie sikubali. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbali mbali wakaona waliotibiwa walirudia asilimia 9.5 na wasiotibiwa 14.1, na matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale mwanasaikolojia mwenye sifa alipokuwepo muda wote na wahudumu wakisimamiwa.

Lakini haya yote yanataka kesi ifike mahakamani kwanza, na mahakama maalum za udhalilishaji tunazo tangu 2021. Ikimalizwa kwa muhali, wazee wa pande mbili wakapatana, yule mtu hakufungwa wala hakutibiwa na mtoto bado anamuona kila siku uani, hili linaniuma sana.

Na akitoka, jamaa msimuachie watoto hata kwa dakika, asisomeshe madrasa wala tuisheni, ila apate kazi na watu wazima wawili watatu wanaojua alichofanya wamfuatilie kila wiki, kwani aliefukuzwa na kila mtu akabaki peke yake ni rahisi zaidi kurudia. Akianza tena kuwaita watoto pembeni kuwapa vitu msingoje ushahidi, semeni polisi, na mtoto mkimshuku kaguswa msimkoshe wala kumbadilisha nguo, mpelekeni kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kile cha kuwahudumia waliodhalilishwa, siku hio hio.