Je, wajua kwa nini furaha ya kumaliza nyumba huwa haikai?

Ukikaa na watu wazima wa hapa Dar wimbo ni uleule, ngoja kwanza nimalize kujenga, ngoja dogo amalize fomu foo, mambo yakikaa sawa ndo na mimi nitafurahi. Mtu anatoka Chanika alfajiri giza, anarudi usiku na uchovu wa foleni, miaka inakatika hivyohivyo. Af nyumba inaisha kweli, anahamia, mwanzoni kila akiingia sebuleni anaangalia marumaru, baada ya miezi kadhaa wala hazioni tena, keshaanza kuwaza fensi na geti.

Sio kwamba hana shukrani, akili ya binadamu ndo ilivyo, inazoea. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watu 22 walioshinda bahati nasibu jimbo la Illinois, Marekani. Waliwalinganisha na watu wa kawaida wa maeneo hayohayo wakakuta washindi hawajawazidi wenzao furaha kwa kiasi cha maana, tena vitu vya kila siku kama kupiga stori na rafiki au kunywa chai ya asubuhi vilikuwa vinawapa raha kidogo kuliko wale ambao hawajashinda chochote. Watu 22 ni wachache, na hela inasaidia sana hasa ukiwa unadaiwa kodi, hilo sibishi. Ila kuiweka furaha yote kwenye kitu kimoja kikubwa cha mbele huko ni hasara, maana kikifika unakizoea.

Sasa nenda kijiwe chochote cha kahawa jioni, iwe Kariakoo au Temeke. Birika liko juu ya mkaa, kashata kwenye sahani, wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, mmoja kaliwa vizibo vitatu kwa mpigo basi kijiwe kizima kelele na vicheko mpaka wapita njia wanageuka. Pale kuna kitu cha mwili kabisa kinaendelea. Mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake walipima watu kabla na baada ya kuangalia vichekesho, waliocheka wakawa wanastahimili maumivu zaidi, na wanaamini sababu ni endofini, yaani dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Na mtu akiwa na wenzake anacheka zaidi kuliko akiwa peke yake na simu.

Kwa hiyo furaha ya mara kwa mara, ndogondogo, na watu, ndo ya kupangia muda. Angalia kina mama na kikoba chao, siku inajulikana, saa inajulikana, ukichelewa faini, ndo maana hakifi hata mwezi ukiwa mgumu. Kwenda ufukweni Coco kula mihogo na washkaji, mazoezi ya kwaya, mechi ya mtaani Jumapili, vyote viwekeeni siku na saa namna hiyohiyo, na mtu akikosekana apigiwe simu kama anavyopigiwa asiyeleta hisa.