Trekta Likianza Kula Oili, Usikimbilie Injini Nyingine

Ikifika Oktoba simu yangu haitulii. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, mwenye trekta anataka awe shambani siku ardhi inapolowa, na ndipo anapokumbuka kuwa tangu mwaka jana Massey Ferguson yake inatoa moshi wa bluu, yaani inachoma oili. "Fundi, nitafutie injini nyingine." Nami namwambia tuifungue kwanza hiyo aliyo nayo.

Injini za Perkins kwenye haya matrekta ya zamani, ile ya silinda 3 ya MF 135 au ile iitwayo 4.236, ya silinda 4, iliyo kwenye MF 265, zilitengenezwa ili zifunguliwe na kufungwa tena. Huku kwetu haziuawi na uzee, zinauawa na vumbi. Mchanga wa Kongwa, hapa hapa Dodoma, una chembe ngumu kuliko chuma cha laina, lile bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga pale mwaka 1947, udongo ule ule ulikula meno ya majembe yao, na matrekta mengi yakalala karakana. Mchanga haujabadilika tangu hapo.

Kwa hiyo kabla hata sijashika spana naangalia njia ya hewa. Bakuli la oili la chujio la hewa huwa limejaa tope zito, na ule mpira unaounganisha chujio na manifoldi umepasuka upande wa chini, usikoonekana. Ufa mdogo tu unatosha kumaliza ringi mpya, zile pete za pistoni zinazoziba silinda, ndani ya msimu mmoja. Ukifanya ovahoo, yaani kuifungua injini na kubadilisha vilivyochakaa, ukaurudisha mpira ule ule, umechoma hela.

Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa kishindo, pumzi inapita kwenye ringi. Moshi mweusi ni kesi nyingine: anza na nozeli zinazopuliza dizeli, chujio na pampu ya dizeli. Wapo watu wameuza injini nzima kumbe nozeli zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza.

Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikishatoka, pitisha ukucha ndani ya silinda, juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, laina imekwisha. Hilo lisikutishe, laina, pistoni na ringi huuzwa kwa seti. Hukumu ya kweli iko chini, kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ipimwe kwa maikromita, si kwa macho, maana jicho halioni sehemu ya mia ya milimita. Ikiwa haijachongwa sana, inachongwa tena na kuvalishwa beringi za saizi inayofuata: 10, 20, halafu 30, kwa sehemu za elfu za inchi. Ikishafika 30 na bado ina mikwaruzo, au bloku ikiwa na ufa, hapo ndipo nakubali tutafute nyingine.

Na kutafuta kwenyewe kuna mitego. Kwenye Massey injini si mzigo uliowekwa juu ya fremu, injini ndiyo fremu. Mbele imefungwa ekseli, nyuma imefungwa nyumba ya klachi, na uzito wote unapita kwenye bloku na sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini, zito la chuma cha kusubu. 4.236 iliyotoka kwenye lori au jenereta inafanana kabisa ikiwa imelala chini pale gereji, lakini sampo yake inaweza kuwa ya bati, haiwezi kubeba trekta. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nayo huenda isikubali klachi yako. Pampu ya dizeli ya injini ya jenereta imesetiwa kushika mwendo mmoja, mara nyingi mizunguko 1,500 kwa dakika, na ukiifunga hivyo hivyo mwendo wa kulimia huupati. Ukinunua ya namna hiyo, hamisha sampo, flaiwili na pampu kutoka injini yako ya zamani. Ndiyo maana nasema usiiuze ya zamani kama chuma chakavu kabla mpya haijawaka.

Kulikata trekta katikati, yaani kuitenganisha injini na nyumba ya klachi, si kazi ya jeki moja na matofali. Nyumba ya gia ikae kwenye stendi, ekseli ya mbele itiwe kabari za mbao isilale upande, ndipo boliti zilegezwe. Kijana akikuambia atashikilia kwa mkono, mfukuze.

Injini mpya au iliyofanyiwa ovahoo usiiache inanguruma kivulini kutwa nzima ukidhani unaihurumia. Ringi hazikai bila mzigo, kuta za silinda zinang'aa na oili inaendelea kuliwa. Ipe tela lenye mzigo wa wastani, badilisha mwendo mara kwa mara, plau isubiri kidogo. Baada ya saa 50 hivi mwaga oili, badilisha chujio lake, na kwenye injini ambazo kitabu chake kinaagiza, kaza tena boliti za hedi. Bakuli la chujio la hewa, wakati wa kulima, lisafishwe kila jioni.

Kama unataka kazi hii ifanyike kabla ya mvua, lete trekta Agosti. Kuchonga krenki kuna foleni, na Novemba mwenye spea anajua kabisa kwamba huna pa kwenda.