Simu imebaki nyumbani, fedheha imeingia darasani

Skuli nyingi za Unguja na Pemba haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na ndiyo maana baadhi ya walimu huyaona matusi ya mitandaoni kuwa ni mambo ya nyumbani. Lakini picha ya dhihaka ikirushwa kwenye gurupu la darasa saa nne usiku, kukicha huwa imeshaonwa na nusu ya waliokaa madawatini. Aliyedhihakiwa anaingia darasani hajui nani kaona na nani hajaona. Masomo yake huanza kuharibika hapo.

Udhalilishaji huu una sura nyingi: kusambaza picha ya mtu bila ridhaa yake, kubandika uso wake kwenye mwili wa mwengine, kufungua akaunti kwa jina lake, kumzushia uhusiano, kumtoa makusudi kwenye gurupu la wenzake, au kumtisha kuwa picha zake zitarushwa asipotuma pesa. Utani wa mara moja baina ya marafiki haumo humu. Tunaangalia nia ya kuumiza, kurudiwa kwa kitendo, na unyonge wa anayefanyiwa. Mtandaoni, hata aliyerusha mara moja tu hawezi kusema hakurudia, kwani kila anayeisambaza tena picha ile anamrudishia mtoto maumivu yale yale.

Anayeonewa uwanjani hupumzika akifika kwao. Wa mtandaoni hapumziki, kwa sababu simu iko chini ya mto. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Huyu anashtuka usiku kuangalia nani kaandika nini, na alfajiri anaamka amechoka. Mwili unaokaa katika hofu muda mrefu hutoa homoni za msongo kupita kiasi, na matokeo yake ni kichwa kuuma, tumbo kusokota, moyo kwenda mbio na hamu ya chakula kupotea. Maumivu hayo ni ya kweli, hata daktari asipoona ugonjwa.

Akili nayo haina nafasi ya kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayehesabu nani alicheka asubuhi hawezi, dakika hiyo hiyo, kushika hatua tano za kutatua mlinganyo. Mwalimu anamwona mvivu. Kwetu, ambako aibu ya mtoto huonekana ni aibu ya mlango mzima, msichana aliyezushiwa jambo hubeba na hofu ya kuwavunjia wazee wake heshima. Mvulana huambiwa ajikaze, naye hunyamaza.

Dalili zinaonekana kwa anayetazama. Mtoto anaumwa tumbo siku za skuli tu, anachelewa makusudi ili apishane na wenzake mstarini, anaomba kubadilishiwa mkondo wa asubuhi kwenda wa mchana, hanyooshi tena mkono, na hata chuo cha Kurani hataki kwenda kwa sababu watoto ni wale wale. Simu anaificha ghafla, au haigusi kabisa. Dalili moja haitoshi. Mbili au tatu zikidumu wiki mbili, kaa naye faraghani umuulize. Akisema bora asingekuwepo, au akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, usimwache peke yake na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kosa kubwa la wazee ni kumnyang'anya simu papo hapo. Watoto wengi hawasemi kwa kuogopa hilo hasa, na akishanyang'anywa mara moja hatasema tena. Kosa jengine ni kufuta kila kitu kwa hasira, ushahidi ukapotea. Wapo pia wanaojibu matusi kwa simu ya mtoto, na mtoto aliyeonewa akageuka mshitakiwa.

Kwanza hifadhi ushahidi. Piga picha ya kioo cha simu ionyeshe tarehe, saa na namba yenyewe, kwani jina ulilolihifadhi si uthibitisho wa mtumaji. Stetasi ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, na picha ya kutazamwa mara moja haikubali kupigwa skrinshoti. Tumia simu nyengine kuipiga. Ila picha ya utupu ya mtoto usiipige wala usimtumie yeyote, hata mwalimu, kwani kuisambaza ni jinai. Peleka polisi simu yenyewe. Ushahidi ukishakuwa salama, ripoti ndani ya WhatsApp, ambayo itapelekewa jumbe tano za mwisho za mtumaji huyo, kisha mfungie. Kwenye mipangilio ya faragha, ruhusu watu uliowahifadhi tu kumtia mtoto kwenye magurupu.

Kwa picha za utupu za aliye chini ya miaka 18 ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya Marekani. Hutengeneza alama ya picha, yaani namba ya kuitambulisha mfano wa alama ya kidole, bila picha kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga nayo, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwani hayo yamefungwa ili wayaone wanaozungumza tu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia, na kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi. Laini nyingi wanazotumia watoto zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Bonyeza *106# ujue namba zilizo kwa jina lako, kwani laini hiyo ikitumika kudhalilisha mtu, mlango wa kwanza kugongwa ni wako. Msaada upo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, katika vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliodhalilishwa, kama cha Hospitali ya Mnazi Mmoja na cha Chake Chake, na kwa simu ya bure namba 116.

Skuli isiwakutanishe watoto wawili ofisini siku ya kwanza ili waombane radhi. Aliyeonewa hukubali kwa woga, kisha huchekwa zaidi wakitoka. Mwalimu mmoja aongee na kila mmoja peke yake, aandike alichoambiwa, awaite wazazi mbali mbali, na amtake msimamizi wa gurupu aifute picha. Kisha azungumze na waliobaki, wale walioona tu. Wao ndio wengi, na wakiacha kusambaza, jambo linakosa watazamaji. Mmoja wao akikaa naye wakati wa mapumziko, au akimwandikia faraghani kuwa hakupendezwa na waliyofanya wenzake, anamsaidia kuliko hotuba ya mstarini. Mwalimu amuulize tena mtoto baada ya wiki moja na baada ya mwezi, kwani picha za zamani huibuka upya pakitokea ugomvi mwengine.